Tulifundwa kuvunja ungo, kukoma hedhi nani atatufunda?

Saa nane usiku nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, khanga imelowa jasho kana kwamba nimetoka kufua. Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati ambao hata sisi wa Dar es Salaam hutafuta shuka la kujifunika. Chumbani feni ilikuwa inazunguka kwa kasi ya mwisho na mume wangu amejikunyata ndani ya blanketi.

Ulikuwa usiku wa nne mfululizo. Nilikuwa na miaka 47.

Nilikwenda zahanati. Nikapimwa malaria, haikuonekana, lakini nikapewa dawa za malaria hata hivyo. Wiki mbili baadaye nikarudi, nikaambiwa ni mawazo, nipumzike. Mara ya tatu moyo ulikuwa unanienda mbio. Nikapimwa presha, ikawa sawa, nikapewa vidonge vya usingizi. Katika mara zote hizo hakuna aliyeniuliza: "Mama, siku zako uliziona lini mara ya mwisho?"

Wala mimi sikusema. Sikujua kama yanahusiana.

Jibu nililipata kwa bahati. Nilimpeleka binti yangu wa kidato cha pili kwenye kituo kingine kwa sababu ya maumivu ya tumbo anayopata akiwa sikuni. Nesi akamuuliza tarehe zake, binti akajibu. Nami kwa utani nikasema, "Afadhali yeye anazijua. Zangu zina miezi mitatu hazijulikani zilipo."

Nesi akaweka kalamu mezani. Akamwomba binti atupishe, akaniuliza umri, usingizi, joto, hasira. Akanipima ujauzito kwanza, haukuwepo. Kisha akaniambia hedhi yangu inaelekea kukoma.

Somo hakufika huku

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilipovunja ungo niliwekwa ndani, akaja somo wangu akanifunda: namna ya kujistiri, kujisafisha, kuhesabu siku na kuishi na watu. Yapo mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilitoka nikiwa najua mwili wangu umeanza safari gani.

Lakini hakuna siku hata moja somo aliyoniambia kwamba safari hiyo ina mwisho, na kwamba mwisho nao una dalili zake. Mama yangu naye hakusema. Nakumbuka tu kuna miaka alikuwa mkali, anajipepea kwa upande wa khanga hata mvua ikinyesha, nasi watoto tukaambizana kwamba mama siku hizi ana hasira za bure.

Leo binti yangu amenikuta mimi nilipomkuta mama. Ndiyo maana naandika.

Kinachotokea mwilini

Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Kadiri miaka inavyokwenda hupungua, na mifuko ya mayai huanza kutoa homoni ya estrojeni kwa kupanda na kushuka, kisha kidogo kabisa. Hedhi huvurugika: mwezi huu nyingi, mwezi ujao tone, halafu miezi miwili kimya. Kipindi hiki cha mpito kinaweza kuchukua miaka kadhaa.

Hedhi huhesabiwa imekoma pale mwanamke anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuiona, ikiwa hakuna sababu nyingine kama ujauzito, kunyonyesha au dawa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wanawake wengi hufikia hapo wakiwa na umri kati ya miaka 45 na 55. Ikikoma kabla ya miaka 40 ni mapema mno na inahitaji daktari. Aliyeondolewa mifuko yote miwili ya mayai kwa upasuaji hufika hapo kwa ghafla. Aliyeondolewa kizazi tu hataona damu tena, ila homoni zake huendelea mpaka wakati wake ufike.

Lile joto linaloanzia kifuani na kupanda usoni lina maelezo. Estrojeni inaposhuka, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Joto likipanda kidogo tu, ubongo huona kama mwili unaungua: mishipa ya ngozi inafunguka, jasho linamwagika, moyo unakwenda mbio. Dakika chache baadaye unatetemeka kwa baridi.

Mengine ni kukosa usingizi, kusahau ulichofuata jikoni, huzuni au hasira isiyo na sababu, maumivu ya viungo, ukavu ukeni, mkojo kuponyoka ukicheka au kupiga chafya, na maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia. Kuna anayeyapata yote na kuna anayepita bila kujua.

Na ile imani kwamba damu isiyotoka inabaki tumboni na kuwa uchafu, si kweli. Ukuta wa kizazi haujengwi tena kila mwezi, kwa hiyo hakuna damu inayosubiri kutoka. Huna haja ya dawa ya kuisafisha.

Hata hivyo, usifanye kosa la upande wa pili ukasema kila jasho ni umri. Kutokwa jasho usiku ni dalili mojawapo ya kifua kikuu, hasa ukiwa na kikohozi na unapungua uzito. Malaria bado ipo. Tezi ya shingo nayo inaweza kuleta joto na mapigo ya moyo. Pima, ila mwambie anayekupima na habari za hedhi yako.

Nyumba isiyojua jina la jambo

Miezi ile nilihamia chumba cha watoto. Nilisema ni kwa ajili ya feni. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, kwa sababu tendo la ndoa lilikuwa linaniuma na sikujua niseme vipi.

Mume wangu alikuja kuniambia baadaye kwamba alikuwa amehesabu miezi minne. Alidhani nimemchoka, au nina mtu. Hakuuliza. Nami nilidhani ameniona nimezeeka, sikuuliza. Tulikuwa tunapeana hela ya umeme na salamu.

Siku niliyotoka kwa nesi nilimwita, nikamwambia kila kitu. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Kumbe ni hilo? Mbona hukusema, mama watoto?" Nikamjibu kwamba hata mimi sikuwa najua.

Ukavu una tiba. Dukani kuna jeli za kulainisha zilizotengenezwa kwa maji, na daktari anaweza kuandika estrojeni ya kupaka ukeni. Usitie ukeni sabuni, ndimu wala unga wa mitishamba wa kubana. Ngozi ya pale imeshakuwa nyembamba, unaiongezea vidonda.

Kwa binti nilisema kwa ufupi: "Wewe homoni zako zinapanda, mimi zangu zinashuka, na wote tunaishi nyumba moja. Nikifoka kwa ajili ya sahani, niambie taratibu." Alicheka. Hatujaacha kugombana, ila sasa tunajua kunatoka wapi.

Mswala wa shangazi

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ukisahau mengine yote, hili usilisahau.

Shangazi yangu wa Tanga alikoma hedhi akiwa na miaka 53. Miaka mitano baadaye binti yake alimkuta sebuleni adhuhuri, adhana imekwisha zamani, mswala umekunjwa juu ya kiti.

"Mama, leo huswali?"

"Nimeingia sikuni," akajibu, kwa aibu na kwa tabasamu kidogo. Alidhani ujana umemrudia.

Binti akanipigia simu. Tulipomuuliza vizuri tukagundua ilikuwa mwezi wa saba tangu aone tone la kwanza. Lilikuja, likakatika, likarudi, mara nyingine baada ya tendo la ndoa. Hakumwambia mtu. Alikuwa anakunja mswala wake na kuhesabu siku kama alivyofundwa usichanani.

Alipopimwa alikutwa na kidonda kwenye mlango wa kizazi. Kikakatwa kinyama, kikapelekwa maabara, majibu yakarudi: saratani. Akaja Dar es Salaam kwa mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, akakaa kwangu wiki zote hizo. Alimaliza, na anarudi kliniki kila tarehe yake inapofika. Daktari alituambia bila kutuficha kwamba angekuja na lile tone la kwanza, huenda upasuaji peke yake ungetosha.

Kwa hiyo tuelewane. Hedhi ikishakoma mwaka mzima hairudi. Damu yoyote baada ya hapo, iwe tone moja, iwe ya kahawia, iwe ya mara moja tu, si hedhi. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Mara nyingi sababu huwa ndogo, kama ngozi kuwa nyembamba au uvimbe usio saratani. Lakini inaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi au ya kizazi chenyewe, na hakuna anayeweza kujua kwa kukisia. Hata kabla ya kukoma, damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au hedhi inayomwagika mpaka unasikia kizunguzungu, ipelekwe ikaangaliwe.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake hapa Tanzania. Vituo vingi vya afya hupima dalili zake za awali kwa siki, kipimo cha dakika chache. Ukishakoma hedhi kipimo cha siki huwa hakionyeshi vizuri, hivyo muulize mhudumu kipimo kinachokufaa. Na kama una binti, kumbuka chanjo ya HPV inatolewa kwa wasichana nchini tangu 2018. Usikatae fomu ya shule ikija.

Usistaafu mapema

Hedhi kupotea miezi mitatu si ruhusa ya kuacha uzazi wa mpango. Yai moja linaweza kutoka bila taarifa, ndiyo maana nesi alinipima ujauzito kwanza. Ushauri wa wataalamu ni huu: ikiwa hedhi ya mwisho uliiona ukiwa na zaidi ya miaka 50, endelea kujikinga mwaka mmoja. Ikiwa uliiona kabla ya miaka 50, endelea miaka miwili. Wapo vitinda mimba wengi waliokuja kwa njia hiyo, nao tunawapenda, lakini ni vema waje kwa kupangwa.

Yanayosaidia

Mimi nilianza na madogo. Nilipunguza chai ya usiku na pilipili, nikalala na khanga ya pamba, nikaweka maji ya baridi karibu na kitanda. Pombe na sigara huongeza joto la ghafla. Kukaza misuli ya nyonga, kama mtu anayezuia mkojo, mara kadhaa kwa siku, husaidia mkojo usiponyoke.

Mifupa nayo hupungua uimara kasi zaidi estrojeni ikishuka, na kinga ya moyo hupungua. Kula dagaa pamoja na mifupa yake, maziwa, maharage na mboga za majani. Tembea kila siku, panda ngazi, beba vitu vyenye uzito unaoumudu. Pima presha na sukari angalau mara moja kwa mwaka.

Ikiwa dalili zinakunyima usingizi na kazi, ipo tiba ya homoni. Wengi waliiogopa tangu 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uliposimamishwa kabla ya wakati baada ya kuonekana ongezeko la saratani ya matiti na magonjwa ya moyo kwa waliotumia homoni mbili pamoja. Wengi wa wanawake wale walikuwa wameshapita miaka 60. Leo wataalamu wanakubaliana kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi madhara. Haimfai kila mtu: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kuganda damu au kiharusi anahitaji njia nyingine. Na mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, huongezewa projesteroni ili kulinda ukuta wa kizazi. Usinunue kwa kuelekezwa na jirani.

Baba unayesoma

Ukimwona mwenzako amekaa nje usiku, usimkagulie simu. Mpelekee maji. Muulize siku zake za mwisho aliziona lini, kisha msindikize kliniki, ukakae naye pale kwenye benchi.

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga. Nilimkuta shangazi kwenye kikoba chao, wanawake ishirini na kitu chini ya mwembe, wameshahesabu fedha na kufunga sanduku. Kabla hawajatawanyika akasema, "Kaeni kidogo." Akawauliza walio na miaka zaidi ya 45 wanyooshe mikono. Wakacheka, wakanyoosha nusu nusu.

"Nilimfunda mtoto wa kaka yangu nikamwachia njiani," akasema, akinionyesha mimi. "Leo namaliza."

Maana somo wangu alikuwa ni yeye.