Ua linalongoja mafuriko

Mwaka 1993 mito ya Mississippi na Missouri ilifurika kwa miezi katikati ya Marekani. Watu wapatao 50 walikufa, na hasara ikafikia mabilioni ya dola. Miaka mitano baadaye ulichapishwa utafiti ambao, tangu nilipokutana nao, haujaniacha: kwenye bonde la mto Illinois, ua adimu lililokuwa likididimia lilichanua kwa wingi palepale maji yalipopita.

Ni Boltonia decurrens. Hufikia mita mbili, petali nyeupe au za zambarau iliyofifia, kitovu njano. Na jani lake halikomi linapokutana na shina, bali linateremka nalo kama ubawa. Porini liko kwenye bonde la Illinois na kipande cha Mississippi kinachopakana nalo, basi. Mwaka 1988 liliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya Marekani.

Mwandishi mkuu wa utafiti ule alikuwa Marian Smith, wakati huo mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Southern Illinois, Edwardsville. Maandiko yake yanafuata mmea huu kwa uvumilivu wa mlezi. Ameonyesha kwamba mbegu zake, ndogo mno, huelea, hivyo mto huzibeba hadi makazi mapya. Zikitua, zinadai mwanga: zikifunikwa na tope hazioti. Mche nao hauvumilii kivuli. Ila ukizama, tishu zake hufungua nafasi za kupitisha hewa hadi mizizini, nao unaishi pale ambapo magugu yanayoshindana nao yanakufa. Kwa hoja ya Smith, mafuriko ndiyo mpaliliaji wake. Yanafyeka washindani, yanaacha udongo wazi wenye jua, na mbegu zipo tayari. Mkulima wa Rufiji anayepanda mlau, yaani mazao ya maji yakishashuka, angeuelewa mmea huu upesi kuliko mhandisi.

Wahandisi wamekuwa na kazi nyingi kwenye mto Illinois. Mfereji uliofunguliwa 1900 uliingiza maji ya Ziwa Michigan mtoni. Yakafuata malango ya kupitishia meli, na matuta yaliyotenga karibu nusu ya bonde ili lilimwe. Mmomonyoko wa mashamba unaleta tope linalofukia mbegu. Nyuma ya tuta, mafuriko hayafiki. Miaka michache tu, nyasi ndefu na miti vinalimeza ua.

Hapa ndipo hesabu inapodanganya. Eneo linaweza kujaa maelfu ya maua mwaka huu, na baada ya misimu michache lisibaki hata shina, bila mtu kukosea lolote. Ndiyo tabia ya mmea huu. Kwa hiyo kuhesabu mashina hakutoshi kupima afya yake. Mimi nimeridhika na mantiki inayotoka katika kazi ya Smith: kipimo ni kama mto bado unaweza kufika, na kurudi kwa wakati wake.

Mahali pengine wahifadhi hufyeka au kutifua ardhi wenyewe, wakifanya kazi iliyokuwa ya maji. Nawaheshimu. Lakini mmea unaoishi kwa jembe la mhifadhi, umeokoka au umelazwa tu? Na familia inayolima nyuma ya tuta, ambayo baba zao waliyaona mafuriko, nani ataiendea na kuiomba iruhusu maji yaingie, na aipe nini?