Je, Mama Yule Alikosea?

Juzi usiku, nyumbani kwetu Shimanzi, tulitazama tena Mother India, picha ya Mehboob Khan ya mwaka 1957. Radha, aliyeigizwa na Nargis, anampiga risasi mwanawe Birju kwa kumteka binti ya mla riba siku ya harusi yake.

Baba watoto alisema mama yule hana huruma. Mama mkwe, asiyejua Kihindi hata neno moja, alimjibu: “Mwanangu, yule binti naye ni mwana wa watu.”

Sote kimya. Kijana wetu, ambaye majirani wamemlalamikia kwa kuwasumbua wasichana, aliinamisha kichwa.

Kwa maoni yangu, risasi ilizidi, lakini kumfichia mwana maovu ni kumwangamiza. Je, msomaji, wewe ungefanyaje?