Kompyuta kuukuu si ya kutupa, ila okoa daftari la wadeni kwanza

KWA mfanyabiashara anayenunua vitunguu Arusha na kuviuza Nairobi, kompyuta ya mpakato ni sehemu ya mtaji. Ndani yake mna ankara, bei za wiki iliyopita, mawasiliano ya mawakala wa forodha na, zaidi ya yote, orodha ya wadeni. Inapochukua dakika kumi kufungua faili moja huku lori likiwa kwenye foleni Namanga, hasara inakuwa ya mzigo wote.

Siku hizi wengi wanaambiwa na mafundi kwamba kompyuta zao zimepitwa na wakati. Kauli hiyo ina ukweli kiasi. Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta inaendelea kuwaka, lakini bila kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza haipati tena marekebisho ya usalama. Windows 11 nayo inataka RAM ya angalau GB 4, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue hazifikii masharti hayo.

Hata hivyo, mara nyingi kilichochoka ni programu. Kioo, kibodi na prosesa bado vinafanya kazi.

Njia isiyo na ada

Njia mojawapo ni kuweka mfumo endeshi mwepesi wa familia ya Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi nchini Finland. Mifumo mingi ya familia hii hailipiwi leseni. Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulichukua jina lake kwenye lugha za kusini mwa bara letu, likiwa na maana ya utu. Ndugu yake mwepesi ni Lubuntu. Mwingine ni Linux Mint toleo la Xfce. Linux Mint inahitaji RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora zaidi, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Kwa mashine kongwe za biti 32, antiX 23 bado ina toleo lake.

Wepesi huo unatokana na mapambo machache na programu chache zinazofanya kazi kwa siri nyuma ya pazia.

Hatua kwa hatua

Kwanza, nakili mafaili yote kwenye diski ya nje au flashi, kisha yafungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha yamenakilika. Usiruke hatua hii.

Pili, pakua mfumo kutoka tovuti yake rasmi. Faili ni la GB kadhaa, hivyo tafuta mahali penye intaneti ya uhakika kuliko kumaliza bando lako.

Tatu, tumia programu kama Rufus kuliandika kwenye flashi nyingine ya GB 8 au zaidi. Flashi hiyo itafutwa yote.

Nne, washa kompyuta ukibonyeza F12, F2 au Esc, kutegemea aina yake, kisha uchague iwake kwa flashi. Mfumo utafunguka bila kugusa diski yako. Hapo jaribu Wi-Fi, modemu na printa. Ukiridhika ndipo usakinishe. Ukichagua kufuta diski, kila kilichomo kitaondoka.

Mipaka yake

WhatsApp ya kwenye kivinjari na huduma nyingi za serikali zinazotumia kivinjari zitafunguka. LibreOffice inafungua mafaili ya Excel, na unaweza kuyahifadhi kwa muundo huohuo kabla ya kumtumia wakala. Lakini fomu za Excel zenye makro zinaweza kugoma, na programu za uhasibu zilizoundwa kwa ajili ya Windows pekee huenda zisifanye kazi. Kama biashara yako inategemea moja ya hizo, sakinisha Linux kando ya Windows badala ya kuifuta, au bakiza mashine moja.

Kama baada ya hapo bado inasuasua, kubadili diski ya zamani na kuweka ya SSD ndiko kunakoleta tofauti kubwa, kuliko kununua kompyuta nyingine.

Na kwa fundi yeyote atakayekuambia, “Niachie, jioni utaikuta tayari,” muulize swali moja kabla hujaondoka: mafaili yangu umeyaweka wapi? Mfumo ukiharibika utasakinishwa upya kesho. Orodha ya wadeni ikifutika, hakuna anayeweza kukuahidi kuirudisha, na wadeni wenyewe hawatakukumbusha.