Kugoma, Kususa na Kuasi: Mwalimu wa Mchezo Mbele ya Wachezaji Waliogoma

Kiswahili kina maneno matatu yanayokaribiana kwa mtu akataaye kufanya jambo alilozoea kulifanya. Mtoto aliyeudhika akaacha chakula chake husemwa kuwa amesusa. Mfanyakazi awekaye zana zake chini mpaka madai yake yasikizwe husemwa kuwa amegoma. Askari amgeukiaye mkuu wake na kuyakana mamlaka yake huitwa mwasi. Asusaye aonyesha uchungu wake. Agomaye ana dai, naye yu tayari kurudi kazini dai hilo likipata jibu. Aasiye hatambui tena aliye juu yake. Tofauti hizi si za kamusi peke yake. Mkuu akiliita tendo kwa jina lisilo lake, hukumu yake nayo hupotea njia.

Jambo hili laonekana wazi katika vyuo vikuu vya Marekani. Huko mwalimu wa mchezo, au kocha kama aitwavyo aghalabu siku hizi, ni mtu mwenye nguvu nyingi. Yeye huamua nani acheze na nani akae nje, na kwa miaka mingi neno lake liliweza kumwondolea kijana msaada wa fedha uliomweka chuoni. Wachezaji wake wakigoma afanyeje? Visa viwili, vilivyopishana kwa miaka 46, vyatoa majibu mawili yasiyofanana.

Kisa cha kwanza ni cha Chuo Kikuu cha Wyoming. Mwezi wa Oktoba 1969 timu yake ya mpira wa Kimarekani ilikuwa imeshinda michezo yake minne yote ya msimu ule, na mwalimu wake, Lloyd Eaton, alikuwa mtu wa sifa kubwa. Tarehe 17, siku moja kabla ya kucheza na Chuo Kikuu cha Brigham Young, wachezaji weusi 14 walimwendea wakiwa wamefunga vitambaa vyeusi mikononi. Chuo hicho ni cha Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wakati huo halikuwapa watu weusi ukuhani. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1978. Vijana walitaka kushauriana naye kama wangeweza kuvaa vitambaa vile uwanjani. Eaton alikuwa na kanuni ya kuwakataza wachezaji wake kushiriki maandamano, naye aliwafukuza wote 14 katika timu. Kwa ushuhuda wa wachezaji wenyewe, hawakupewa nafasi ya kujieleza.

Ikumbukwe kwamba vijana hao walikuwa hawajagoma. Hawakukataa kucheza wala kufanya mazoezi, walikwenda kuuliza. Eaton aliliona ombi akaliita uasi. Kesi waliyoifungua katika mahakama ya shirikisho haikufaulu, hata ikaonekana kwamba sheria ilikuwa upande wa chuo. Hata hivyo, timu iliwashinda Brigham Young kwa 40 kwa 7, ikashinda mchezo mmoja tena, kisha ikapoteza michezo minne ya mwisho. Mwaka 1970 ilishinda mchezo mmoja tu kati ya kumi, na Eaton akaacha kuifundisha. Vijana waliofukuzwa waliingia uzeeni na doa ambalo hawakustahili, na chuo hakikuwaomba radhi rasmi ila mwaka 2019, baada ya nusu karne.

Kisa cha pili kilitokea katika Chuo Kikuu cha Missouri mwezi wa Novemba 2015. Wanafunzi weusi walilalamika kwamba wakuu wa chuo walipuuza matendo ya ubaguzi, na mwanafunzi mmoja, Jonathan Butler, akagoma kula mpaka rais wa vyuo vikuu vya jimbo hilo, Tim Wolfe, aondoke. Tarehe 7 wachezaji weusi wapatao 30 walitangaza kwamba hawatashiriki shughuli za timu mpaka Wolfe ajiuzulu au aondolewe. Kesho yake mwalimu wao, Gary Pinkel, alitoa picha ya timu nzima, weusi kwa weupe, akasema kuwa wote ni kitu kimoja. Tarehe 9 Wolfe alijiuzulu. Mchezo uliokuwa hatarini, tena dhidi ya Brigham Young, ulichezwa, na chuo kikaepuka kulipa dola milioni 1 ambazo mkataba ulizidai kama mchezo ungevunjwa.

Pinkel naye hakukosa lawama. Wako waliosema kwamba amewaachia vijana usukani, na mwezi wa Desemba mswada ulipelekwa katika baraza la kutunga sheria la Missouri wa kuwanyang'anya wachezaji wagomao msaada wao wa masomo, ingawa uliondolewa upesi. Yeye alieleza kuwa aliwaunga mkono wachezaji wake, na kwamba uhai wa mwanafunzi mwenzao ulikuwa hatarini.

Katika visa hivi yapatikana mafunzo kwa mwalimu yeyote. Kwanza, na asikilize kabla ya kuhukumu, wala asitoe hukumu siku ile ile ya hasira. Pili, na apambanue dai lamwelekea nani: kama ni yeye, na ajibu, kama ni wakuu wa chuo, na alifikishe kwao bila ya kulipunguza. Tatu, na awaambie vijana ukweli wa hasara itakayowapata, bali asiigeuze hasara hiyo kuwa tisho lake mwenyewe. Nne, na awalinde wasiogoma kama awalindavyo waliogoma, kwa kuwa baada ya mgomo wote watavaa jezi moja. Ikiwa mchezaji atampiga au kumtisha mwenzake, hilo ni kosa la mtu huyo, naye aadhibiwe kwa hilo. Mgomo wa wengine usihukumiwe kwalo.

Watetezi wa Eaton wangeweza kusema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba mkubwa ni jaa, yaani hana budi kuyapokea yote yatupwayo kwake. Methali ya kwanza yamfunza kijana, na ya pili yamfunza mkuu. Kosa ni mkuu kuishika ya kijana na kuiacha yake.

Katika lugha ya zamani ya mabaharia wa pwani, mwalimu alikuwa mtu ajuaye nyota na njia za bahari, na mwenye kuamuru chombo alikuwa nahodha. Leo timu ya mpira ina maneno yote mawili, na nahodha wake ni mmoja wa wachezaji. Mwalimu akumbukaye maana hiyo hataona aibu kumwita nahodha wake na kumwuliza: mnadai nini?