Tiba ya Kiwewe kwa Mtu wa Mwanda

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imekadiria fidia ya mtu aliyeuawa na mnyama wa porini kuwa shilingi milioni 5, ya ulemavu wa kudumu kuwa milioni 3, na ya majeraha mengineyo isizidi milioni 2 kwa kadiri ya uzito wake; na watu wa Taita Taveta, ambao zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yao imo ndani ya mbuga za Tsavo, wanavijua viwango hivyo kwa ghaibu, ingawa malipo yenyewe aghalabu huwafikia kwa taabu na kwa kuchelewa. Ila yuko majeruhi mmoja ambaye ni shida kumwandika katika fomu hizo, naye ni yule aliyerejea nyumbani mzima.

Tumfikirie mkulima wa Mwanda, katika milima ya Taita, ambaye, kama walivyozoea wazee wake, analima huku juu milimani na ana kishamba kingine kule bondeni upande wa nyika. Na usiku mmoja, yeye na jirani yake wakilinda mahindi kwa moto na kwa kupiga madebe, ndovu wakawaingilia, jirani akakanyagwa, naye akakimbia gizani akaokoka pasipo hata kuchubuka. Maziko yamekwisha, matanga yameondolewa, miezi mitano imepita, na bado mtu huyu huzinduka usiku wa manane ametota jasho. Bati la paa likigongwa na upepo huruka. Njia ya kuteremkia bondeni ameihama kabisa. Akiulizwa habari za marehemu hunyamaza, au hufoka. Mkewe asema mume wake si yule. Jamaa wengine wasema amerogwa, wengine wasema ni mawazo tu, yataisha.

Hali hii, yaani kiwewe, ni maradhi, wala si uoga, wala si upungufu wa imani. Waganga wa akili wa Marekani waliyaingiza rasmi katika daftari lao mwaka 1980, baada ya kuona yaliyowasibu askari waliorudi kutoka Vietnam, lakini maradhi yenyewe ni makongwe, na sidhani kwamba wote waliopigana pale kilima cha Salaita, karibu na Taveta, mwezi wa Februari 1916, walirejea makwao wakalala usingizi wa raha. Siku hizi huwapata walionusurika katika ajali za barabara kuu ya Mombasa pale Voi, na wanawake walionajisiwa, na watoto walioshuhudia yasiyofaa kushuhudiwa na mtoto. Asili yake ni kumbukumbu isiyokubali kuwa ya jana: iko mithili ya mtego uliosahauliwa njiani, usiojua kwamba mwindaji amekwisha kwenda zake, ukawa wamnasa kila apitaye.

Kabla ya kuuliza tiba gani ichaguliwe, yafaa ijulikane kwamba si kila aliyefikwa na msiba mkubwa anahitaji tiba. Katika mwezi wa kwanza, kukosa usingizi na kushtukashtuka ni jambo la kawaida, na walio wengi hupoa wenyewe madhali wana watu wa kuwategemea. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, daktari Frank Njenga na wenzake waliwahoji Wakenya 2,883 katika miezi ya mwanzo, wakaona dalili za maradhi haya kwa kadiri ya asilimia 35 yao. Na miongoni mwa mambo yaliyoandamana na dalili hizo, pamoja na kujeruhiwa na kufiwa na kuharibikiwa na mapato, lilikuwamo hili la kutokuwa na rafiki wa kumweleza yaliyo moyoni.

Lakini kumweleza rafiki kwa hiari ni jambo moja, na kukalishwa kitako na mgeni siku ya pili ya ajali ili uyamwage yote kwa mkao mmoja ni jambo jingine. Desturi hii ya pili ilienea sana duniani tangu miaka ya 1980, kwa nia njema isiyo na shaka, hata wataalamu wa Uingereza walipowafuatilia majeruhi wa ajali za barabarani kwa muda wa miaka 3, wakakuta kwamba waliokuwa na fadhaa kubwa tangu mwanzo na wakahojiwa hivyo walikuwa katika hali mbaya kuliko wenzao walioachwa. Kadhalika na vidonge vya diazepam, ambavyo mtu hupewa apate kulala: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, limeonya visitolewe kwa ajili ya fadhaa ya mwezi wa kwanza baada ya msiba, na mwenye kuvizoea huishia kuwa na maradhi mawili.

Amma tiba zenyewe, zilizothibitika ni kadhaa, na majina yake ni marefu kuliko tofauti zake. Iko tiba ya kukabili hofu kidogo kidogo, aliyoitengeneza Edna Foa, ambamo mgonjwa husimulia tukio mara nyingi na kuviendea vitu alivyovihama mpaka mwili ujifunze kwamba havidhuru. Iko ya kuchambua fikra, ya Patricia Resick, inayoshughulika zaidi na yale mgonjwa anayojiambia: kwamba ni mimi niliyemwacha jirani afe, kwamba hakuna mahali pa salama tena, kwamba sistahili kuishi. Iko ile iliyobuniwa na Francine Shapiro mwaka 1987, ambamo mgonjwa hufuata kwa macho kidole cha tabibu huku akilikumbuka tukio. Mtu akihadithiwa mara ya kwanza hudhani ni kiinimacho, na wataalamu wenyewe hawajaacha kubishana kama huo mwendo wa macho una kazi yoyote, ilhali kwamba tiba kwa jumla inaponya ni jambo lililokubaliwa, na mwongozo ule ule wa mwaka 2013 umeitaja kwa jina.

Ya nne, nayo ndiyo iliyokulia katika Afrika yetu ya Mashariki, ni tiba ya masimulizi, waliyoitunga Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, kwa kuwakusudia watu wa vita na wakimbizi. Mgonjwa hupewa kamba, akaitandaza chini iwe ndio umri wake, upande mmoja kuzaliwa, upande wa pili siku zilizobaki, zikiwa bado zimeviringwa. Kisha huweka ua mahali pa kila furaha na jiwe mahali pa kila msiba, jiwe kubwa kwa msiba mkubwa. Baada ya hapo huanza kusimulia toka utotoni, na wanapofika penye jiwe mshauri huenda polepole sana, akiuliza uliona nini, ulisikia nini, moyo ulikuwaje, ulidhani nini, na hivi sasa unaponihadithia mwili wako wahisi nini, naye huandika. Kikao kinachofuata humsomea yale yaliyoandikwa, mgonjwa akasahihisha na kuongeza, na siku ya mwisho hukabidhiwa kitabu cha maisha yake, kilichotiwa sahihi, kiwe milki yake.

Katika makambi ya kaskazini mwa Uganda, wakimbizi wa Sudan waliotibiwa hivyo kwa vikao 4 tu walifuatiliwa mwaka mzima, na waliobaki na maradhi walikuwa asilimia 29, hali katika wenzao waliopewa nasaha au mafunzo matupu walikuwa karibu asilimia 80. Lakini habari iliyonigusa zaidi ni ile ya kambi ya Nakivale, huko huko Uganda, iliyotangazwa mwaka 2008, ambako wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia walihudumiwa na wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo, wasiokuwa matabibu. Wengine walipata tiba ya masimulizi, wengine ushauri nasaha usiofungwa na utaratibu mmoja. Na walioondokewa na maradhi walikuwa asilimia 70 huku, 65 kule, ambayo kwa hakika si tofauti ya kugombania. Tofauti ilitokea kwingine: walioacha kabla ya kumaliza walikuwa asilimia 4 katika masimulizi na asilimia 21 katika ushauri ule mwingine. Kwa hivyo mtu wa Mwanda anayeuliza ipi iliyo bora, mimi ningemrudishia suali: ni ipi utakayoweza kuifikisha mwisho, wewe ambaye kila kikao chakugharimu kibarua cha siku nzima na nauli ya matatu hadi Wundanyi, au zaidi ukitumwa mpaka hospitali kuu ya kaunti, Voi?

Na liko jambo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo havikulitilia maanani vya kutosha. Tiba ya kukabili hofu imejengwa juu ya dhana kwamba hatari imekwisha, na kwamba kilichobaki ni kivuli chake. Aliyegongwa na gari hurudishwa barabarani, kwa kuwa barabara aghalabu ni salama. Lakini ndovu wa Tsavo hawajahama. Mshauri atakayemwambia mkulima wetu ateremke bondeni usiku alale katika dungu ili aizoee hofu yake, atakuwa amempeleka kwenye mauti kwa jina la tiba. Na yule atakayemwambia asiteremke kamwe atakuwa ameyapalilia maradhi. Hekima ni kutenganisha: mlio wa bati haudhuru, na auzoee, njia ya bondeni saa 4 ya asubuhi akiwa na wenziwe haina neno, na aipite leo nusu na kesho yote, kulizungumza jina la marehemu hakuui, na alitaje. Ama kulinda shamba peke yake usiku, hofu yake hapo ni akili timamu, wala haihitaji kuponywa.

Kadhalika na mwanamke aliyenajisiwa. Katika Kivu, mashariki ya Kongo, tiba ya kuchambua fikra ilifanywa kwa vikundi vya wanawake, wengi wao wasiojua kusoma, hata mazoezi yakabidi yarahisishwe wayahifadhi vichwani; na baada ya miezi 6, kwa habari zilizochapishwa mwaka 2013, waliobaki na huzuni au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9, dhidi ya 42 wa waliosaidiwa mmoja mmoja. Matokeo haya ni ya kutia moyo mno. Hata hivyo katika kijiji cha milimani ambako kila mtu ni shemeji au binamu wa mwenziwe, na aliyemdhuru huenda akawa jamaa ya mmoja wa waliokaa humo kikundini, mimi ningemshauri binti huyo atafute mshauri wa faragha, na mbali kidogo na nyumbani.

Wako watakaouliza, na dini je, na mila? Wataita wana kutasa, desturi ambayo mtaalamu Grace Harris aliiandika kwa urefu katika kitabu cha mwaka 1978, ambapo mtu hutia kinywani pombe ya miwa au maji, akayapuliza nje huku akiitoa hasira ya moyoni kwa maneno ya kuombea heri. Desturi hiyo haikukusudiwa jinamizi la usiku, wala sidai kwamba italiondoa. Lakini baina ya mkulima wetu na wafiwa wa jirani yake, ambao huenda wananong'ona kwa nini yeye akakimbia, pana kazi ambayo mshauri nasaha hawezi kuifanya na wazee wanaweza. Na mchungaji naye ana lake, ilimradi asimwambie mtu aache dawa.

Dawa zenyewe, nikisema za kundi la sertraline na fluoxetine, hufaa kwa baadhi ya watu, hasa aliyezidiwa na huzuni hata hawezi kuketi akasimulia, ama ambaye hana mshauri wa karibu. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kazi yake kuonekana, na hazifai kukatishwa ghafla. Daktari ndiye wa kuziandika.

Suali la nani atakayeketi na mgonjwa ndilo lililobaki. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatangaza wahudumu wa afya ya jamii 100,000, ikawapa mabegi yenye kipimo cha presha, cha sukari, kipimajoto na mizani. Watu wa namna hii hii, huko Nairobi, wamekwisha kuwahudumia wanawake waliopitia dhuluma kwa vikao 5 vya kujifunza kuyakabili matatizo, katika utafiti wa wanawake 421 uliotangazwa mwaka 2017, nao wakapata nafuu. Hata hivyo vikao vile havifukui tukio lenyewe, na mwenye kiwewe kizito atahitaji zaidi. Mhudumu mmoja wa Mwanda akifundishwa tiba ya masimulizi, na msimamizi akatoka hospitali ya Wesu au ya Voi kila baada ya wiki mbili kumsikiliza na kumrekebisha, mkulima wetu angevimaliza vikao vyake pasipo kupanda gari. Gharama yake ni mafunzo, posho, nauli ya msimamizi, daftari na kamba.