Mvuke Unavyosafisha Nyumba

Kisafishio cha mvuke ni mashine ya umeme inayochemsha maji ndani ya mtungi mdogo wa chuma na kuutoa mvuke wake kupitia mdomo mwembamba, ili uchafu ulainike kwa joto bila msaada wa sabuni. Ile ya kazi nyingi huja na brashi ndogo za duara, kichwa bapa cha kupigia deki, mpira wa kukaushia vioo na vitambaa vya kuvisha vichwa hivyo. Hivyo mashine moja huingia jikoni, bafuni, sebuleni kwenye makochi na chumbani kwenye magodoro.

Siri ya maji matupu kuweza kazi hiyo imo katika joto. Kupasha gramu moja ya maji kutoka nyuzi 25 za Selsiasi hadi 100 huhitaji jouli 314 hivi. Kuyageuza maji hayo, yakiwa tayari yamefika nyuzi 100, yawe mvuke wa nyuzi zilezile 100, huhitaji jouli 2,257, yaani zaidi ya mara saba. Kipimajoto hakisogei hata kidogo wakati nishati hiyo inaingia, lakini haijapotea: wanafizikia huiita joto fichika, na mvuke huibeba popote uendako. Unapogusa kitu cha baridi hugeuka tena kuwa maji papo hapo, na jouli zote hizo humwagika pale pale ulipogusa. Kazi ya kisafishio hufanyika katika nukta hiyo. Kasi ya mvuke na mlio wake vinasaidia kidogo tu. Kinachosafisha ni mvuke kurudi kuwa maji juu ya uchafu.

Jambo hilo hueleza pia kwa nini watu wengi huitumia mashine hii vibaya. Wingu jeupe linaloonekana mbele ya mdomo wake si mvuke tena. Mvuke hauna rangi wala hauonekani. Wingu ni matone madogo mno ya maji ambayo yamekwisha kuachia joto lake hewani. Kwenye birika linalochemka hali hiyo iko wazi: kati ya mdomo wa birika na mwanzo wa wingu pana pengo linaloonekana tupu, na hapo ndipo mvuke wenyewe ulipo. Anayeshika mdomo wa mashine mbali na ukuta na kuupulizia wingu anaulowesha ukuta kwa maji ya uvuguvugu. Mdomo unatakiwa kuwa sentimita chache tu kutoka kwenye uchafu, au kichwa chenye kitambaa kiguse kabisa.

Ndani ya mashine kuna mtungi uliofungwa, na kufungwa huko kuna maana yake. Maji yakichemshwa kwenye sufuria wazi hayawezi kuzidi nyuzi 100 pwani, na Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka yakiwa na nyuzi 94 au 95 tu kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi zaidi. Mvuke ukizuiwa kutoka, shinikizo hupanda na maji huendelea kupata joto kabla ya kuchemka. Mfaransa Denis Papin alilionyesha hilo mjini London mwaka 1679 kwa chungu cha chuma kilichofungwa barabara, kilicholainisha hata mifupa, na ni yeye anayesifiwa kwa kubuni valvu ya usalama inayoachia mvuke kabla chungu hakijapasuka. Presha kuka ya jikoni hufuata njia hiyo na kufika nyuzi 120 hivi. Kisafishio cha mvuke hupita hapo: kwa shinikizo la baa 3 juu ya lile la hewa, maji yake huwa na nyuzi 144, na kwa baa 4 huwa na nyuzi 152.

Tarakimu kama hizo mara nyingi huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi la mashine, na mnunuzi hudhani kwamba ndilo joto litakalofika kwenye marumaru zake. Sivyo. Hilo ni joto la ndani ya mtungi. Mvuke hupoa ukipita kwenye mpira mrefu wa mashine, hupoa tena unapotoka na kutanuka, na ukichanganyika na hewa hushuka kwa kasi chini ya nyuzi 100. Shinikizo kubwa lina faida, kwani husukuma mvuke mwingi zaidi kwa haraka na kuupenyeza kwenye nyufa, lakini haligeuzi ukuta wa bafuni kuwa wa nyuzi 150.

Si mashine zote zina mtungi wa namna hiyo. Zile za fimbo, zilizotengenezwa hasa kwa ajili ya sakafu, na nyingi za mkononi, hutumia pampu ndogo inayopeleka maji kidogo kidogo kwenye kipasha joto. Huwa tayari baada ya nusu dakika hivi na zinaweza kuongezwa maji wakati wowote, ila mvuke wake huwa na nguvu kidogo na unyevu zaidi. Zile zenye mtungi na magurudumu huchukua dakika kadhaa kupata moto, na mtungi ukiisha maji hulazimu kusubiri upoe kwanza. Kwa mafuta yaliyoganda kwenye jiko, au kwa kitanda chenye kunguni, aina hii ya pili ndiyo ya kutegemea.

Kwa upande wa umeme, mashine nyingi hula wati 1,500 hivi. Kwa nguvu hiyo, hita inaweza kutoa gramu 35 hadi 40 za mvuke kwa dakika. Nusu saa ya kazi basi hutumia maji lita moja na kidogo, na umeme wa robo tatu ya uniti. Katika mitaa ambako maji hununuliwa kwa dumu, tofauti kati ya lita hiyo moja na ndoo mbili tatu za kupigia deki si ndogo. Kwa anayetumia umeme wa jua, wati 1,500 ni mzigo ambao inveta ndogo ya nyumbani haiwezi kuubeba. Waya wa nyongeza, kama unatumika, uwe mnene na ukunjuliwe wote, maana ukiachwa umezongwa hupata moto.

Jikoni ndiko mvuke unakoonyesha uwezo wake mapema. Mafuta ya kupikia na mafuta ya nyama yaliyoganda huyeyuka chini sana ya nyuzi 100, kwa hiyo milango ya makabati, vigae vya nyuma ya jiko na vyuma vya jiko la gesi husafika kwa mpigo mmoja au miwili, mradi kitambaa kiwe tayari mkononi. Hapa pana jambo linalosahaulika: mvuke haumezi uchafu. Huulainisha na kuuachanisha na mahali uliposhika, na usipofutwa upesi maji yakikauka uchafu hurudi kukaa sentimita chache pembeni. Kitambaa kikavu cha nyuzi laini, kinachogeuzwa na kubadilishwa mara kwa mara, ni nusu ya kazi. Mafuta ya zamani yaliyoungua hadi yakawa kama vanishi ya kahawia ndani ya oveni hayayeyuki tena. Mvuke huyalegeza tu, na brashi ya shaba ndiyo inayoyang'oa.

Bafuni, mdomo mwembamba wenye brashi ya duara hufika kwenye mistari ya saruji kati ya marumaru, nyuma ya bomba na chini ya ukingo wa choo, mahali ambapo fagio na dekio haviingii. Ukungu mweusi wa kwenye mistari hiyo hulegea vizuri. Madoa ya kutu na ukoko mweupe wa chokaa hayaondoki kwa joto, kwa kuwa ni madini. Hayo yanataka asidi hafifu kama siki au maji ya ndimu, kisha mvuke ufuate.

Kuhusu vijidudu, matangazo husema mengi. Maziwa husalimishwa kwa nyuzi 72 kwa sekunde 15, na kipimo hicho kinafaa kukumbukwa: joto linahitaji muda. Mvuke uliopitishwa juu ya meza kwa sekunde moja haujaua kitu cha maana, ilhali ule uliotulizwa mahali pamoja kwa nusu dakika umefanya kazi ya kweli. Hata hivyo baadhi ya bakteria hutengeneza vijimbegu vinavyostahimili maji yanayochemka. Hivyo huuawa kwa nyuzi 121 kwa dakika 15 katika chombo kilichofungwa, ndiyo kazi ya otoklevu iliyobuniwa na Charles Chamberland, msaidizi wa Louis Pasteur, mwaka 1879. Kisafishio cha nyumbani hutoa mvuke kwenye hewa wazi, kwa hiyo hakiwezi kutumika kutakasa vifaa vya tiba.

Kwa kunguni, mvuke unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa. Kunguni wa kawaida na ndugu yake wa nchi za joto wamejijengea usugu dhidi ya dawa nyingi za jamii ya pairethroidi, zile zinazouzwa kwenye makopo ya kupuliza. Dhidi ya joto hawana usugu huo. Zaidi ya nyuzi 55 hufa karibu papo hapo, pamoja na mayai yao. Kazi yenyewe inahitaji subira: kichwa kipana kilichovishwa kitambaa, si mdomo mwembamba ambao huwapeperusha wakiwa hai, na mwendo wa sentimita mbili au tatu tu kwa sekunde. Mishono ya godoro, maungio ya kitanda, matundu ya skrubu na nyuma ya mbao za kichwani vipitiwe vyote. Joto halizami ndani ya sponji zaidi ya juu juu, na halibaki kuwasubiri watakaokuja kesho, hivyo kazi hurudiwa baada ya wiki mbili hivi. Utitiri wa vumbi nao hufa, lakini vinyesi vyao vinavyochochea pumu hubaki na vinatakiwa kufyonzwa. Godoro lianikwe likauke kabisa kabla ya kutandikwa, hasa pwani, maana unyevu ukibaki huleta kuvu na kuwakaribisha utitiri wapya.

Si kila kitu kinavumilia mvuke. Mbao zisizopakwa vanishi hufura, na samani za kale zilizong'arishwa kwa nta, kama zile za Lamu na Zanzibar, hutoka mabaka meupe. Gundi ya sakafu za lamineti huachia, rangi ya maji ukutani hubanduka, na ngozi na hariri hukunjamana. Mikeka ya ukili yenye rangi huweza kuchuja. Doa la damu, yai au maziwa kwenye kitambaa lifuliwe kwanza kwa maji baridi, kwa sababu joto huigandisha protini ndani ya nyuzi. Kwa wanaoishi Ulaya au Amerika Kaskazini, kioo cha dirisha wakati wa baridi kali kinaweza kupasuka kikipigwa mvuke ghafla. Hupashwa kwanza kutoka mbali.

Mvuke huunguza vibaya kuliko maji ya moto. Gramu moja ya mvuke ikigusa ngozi huachia nishati zaidi ya mara tisa ya ile ya gramu moja ya maji yanayochemka. Kifuniko cha mtungi kisifunguliwe kabla mashine haijazimwa, shinikizo halijaachiwa lote na chuma hakijapoa. Aliyeungua apoze mahali hapo kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Dawa za klorini zisitiwe kamwe mtungini: hutoa gesi yenye sumu hewani na kula chuma.

Adui mkubwa wa mashine yenyewe ni maji ya chumvichumvi. Visima vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake hubeba chokaa iliyoyeyuka. Yakipashwa moto chokaa hiyo huganda kwenye hita, huzuia joto kupita, na vipande vyake huziba mdomo. Maji ya mvua yaliyochujwa huwa na chokaa kidogo sana. Yaliyokenekwa matupu hayana chokaa, lakini baadhi ya mashine hutambua kiasi cha maji kwa kupitisha umeme kidogo ndani yake, na hayo hayapitishi. Ukoko huondolewa kwa asidi ya sitriki au dawa iliyotajwa na mtengenezaji, mashine ikiwa baridi na imechomolewa, kisha mtungi husuuzwa mara kadhaa. Baada ya kila kazi maji yaliyobaki humwagwa, na mtungi huachwa wazi hadi ukauke.