Mchezo Mzuri Wapita Mabao

Katika nchi ya Kericho na Bomet kabumbu yapendwa sana, na siku ya mashindano uwanja huzungukwa na watu wa kila rika. Lakini mchezo ukiisha, swali husikika moja tu: “Nani ameshinda?” Ni wachache waulizao jinsi mpira ulivyochezwa.

Mchumaji wa chai angeweza kutufundisha jambo hapa. Kazi yake ni kuchuma majani mawili na chipukizi lake. Akijaza kikapu majani magumu, mzani utaonyesha uzito mkubwa, bali chai itakuwa hafifu na mnunuzi ataikataa. Mabao nayo ni mzani wa kabumbu. Hapana budi yahesabiwe, lakini hayatuambii yote yaliyomo kikapuni.

Tuwatazame Wahungaria. Mwezi wa Novemba 1953 waliwafunga Waingereza mabao 6 kwa 3 katika uwanja wa Wembley, kwa pasi fupi na mbio za maarifa ambazo wenyeji hawakuweza kuzizuia. Mwaka uliofuata, mjini Bern, Uswisi, walishindwa na Ujerumani Magharibi mabao 3 kwa 2 katika fainali ya Kombe la Dunia. Kombe lilikwenda kwa wengine. Hata hivyo jina la Puskás na wenziwe latajwa hata leo kwa heshima, na makocha wa nchi nyingi walijifunza kwao.

Na mzani ukitukuzwa peke yake huleta hasara. Timu ya Zoo ya Kericho iliingia Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2017, nasi tukajivunia. Mwaka 2021 Shirikisho la Kabumbu la Dunia, yaani FIFA, liliitoa katika ligi hiyo kwa sababu ya kupanga matokeo ya michezo. Jambo hilo lilitutia uchungu. Mahali ambapo watu hutaka hesabu ya mabao tu, hesabu hiyo hugeuka bidhaa, na wacheza kamari huinunua. Lakini mtazamaji aliyezoea kuupima mchezo wenyewe si rahisi kudanganywa: humwona mlinzi aliyeacha kukimbia, na golikipa aliyechelewa kuruka.

Sisemi kwamba wachezaji wasitafute ushindi. Asiyejitahidi kushinda hawezi kucheza vizuri, wala hapana uzuri katika uvivu. Nasema kwamba sisi tusimamao kando ya uwanja tuna kazi yetu. Tumshangilie apigaye chenga safi, hata akiwa wa upande wa pili. Tuwaulize vijana wetu walivyocheza kabla ya kuwauliza walifunga mangapi. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi tuseme, asiyeujua mchezo mzuri si mtazamaji, ni mhesabuji tu.